Tupeane uzoefu: unamtiaje moyo rafiki mpaka ajiamini hata siku haupo?

Wa Ngamiani
Wadau, "utaweza tu, usiogope" kila mtu anaijua. Tupeane ufundi wenyewe. Naanza na baiskeli, maana hapa Tanga mtu mzima asiyejua kuendesha huona haya hata kulisema.

Shusha siti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini. Toa pedeli kwa spana namba 15. Ya kushoto ina uzi wa kinyume: unaifungua kwa kufuata mshale wa saa, ukilazimisha upande mwingine unaikaza zaidi. Ajisukume kwa miguu, kisha ainue miguu huku akihesabu. Akifika kumi bila kukanyaga, rudisha pedeli.

Usukani usiuguse! Ukiushika, mizani inakuwa yako, na ukiachia anaanguka na imani yake. Mshike begani, baadaye tembea pembeni tu. Badala ya "safi sana" mwambie, "Umefika saba, na macho ulielekeza mbele." Hilo atalikumbuka akiwa peke yake.

Shangazi wa Chumbageni
Mwanangu umesema kweli. Nyongeza: dakika ishirini zatosha, na mkomeshe akiwa amefaulu, asichoke mpaka akavurunda. Na shoga zake wasiitwe kutazama.

Mwalimu
Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika juu ya hili mwaka 1977. Alitaja vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba anaweza: kufanya mwenyewe akafaulu, kumwona mwenzake akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili wake, kama moyo kwenda mbio. Chenye nguvu zaidi ni cha kwanza. Maneno matupu hufutika mtu akishindwa mara moja. Kwa hiyo kazi ya rafiki ni kupunguza ukubwa wa jaribio la kwanza.

Chungeni pia sifa ya "una akili wewe". Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa akili walikata tamaa upesi baada ya kushindwa, kuliko waliosifiwa juhudi. Sifia alichofanya.

Wa Bagamoyo
Huku kwetu wengi wanaogopa jukwaa, au kusimama tu kwenye kikao cha kikoba. Nendeni ufukweni maji yakitoka. Simama hatua tano mbali naye, aseme sentensi mbili. Kisha hatua kumi, kisha ishirini, upepo ukimpiga usoni. Ukiwa mbali, usimwambie "paza sauti". Nyoosha mkono juu pale tu unapokosa kusikia neno. Atajirekebisha mwenyewe.

Ahifadhi sentensi ya kwanza peke yake. Anayehifadhi hotuba nzima akisahau neno moja anabomoka yote. Kosa moja kwa zamu, basi. Ukimtajia matano atabaki na aibu tu.

Mgeni
Na akianguka mbele ya watu?

Wa Ngamiani
Usicheke, wala usimmwagie "pole" kumi mfululizo, zinamfanya ajione kaumia kuliko alivyoumia. Tazama magoti na viganja. Kama kuna mchubuko, osha kwa maji safi na sabuni. Mwache aiinue baiskeli mwenyewe. Muulize, "Ulikuwa unatazama wapi?" Mara nyingi atasema tairi la mbele. Halafu mzunguko mmoja mfupi, hatua kumi na tano hivi, ndipo mrudi nyumbani.