Walimu wa muziki, hili zoezi la "taja makosa matano" kwenye Amadeus lifutwe!

Wakuu, hili suala linaudhi na lazima lisemwe. Mwanafunzi anakalishwa mbele ya Amadeus ya 1984, filamu ya mtunzi Mozart na mtunzi mwenzake Salieri, dakika 160 mfululizo (wenye toleo refu la 2002 wanafika 180), halafu anapewa karatasi: "Taja makosa matano ya kihistoria." Anataja, anapata tano kwa tano, na namna ya kupima ukweli wa filamu hajafundishwa hata kidogo. Kakariri tu. Mpe kesho filamu nyingine ya mtunzi mwingine, ataikodolea macho.

Kinachokera zaidi, miongozo ya kusahihishia yenyewe imejaa makosa. Jibu namba moja huwa "filamu inadai Salieri alimpa Mozart sumu." Wapi? Hakuna onyesho hata moja la sumu. Anayesimulia ni Salieri mzee, mwaka 1823, amejaribu kujiua, yuko kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, anazungumza na padri kijana. Swali la kwanza darasani lilipaswa kuwa: nani anasimulia, na tumwamini kiasi gani? Uvumi wa sumu ulikuwepo kweli Vienna wakati Salieri yu hai, na umo hata kwenye madaftari ya mazungumzo ya Beethoven, ambamo wageni walimwandikia maneno kwa kuwa alikuwa kiziwi. Pushkin akautungia tamthilia mwaka 1830, Rimsky-Korsakov akaifanya opera, Peter Shaffer akaandika tamthilia yake mwaka 1979, ndipo Miloš Forman akatengeneza filamu. Waonyesheni wanafunzi mlolongo huo, waone uvumi unavyosafiri hadi ukafika kwenye skrini.

Jibu jingine linalopewa alama bila haki ni kwamba filamu imepatia kwenye maziko, eti Mozart alitupwa shimoni kama fukara. Si kweli. Alipewa maziko ya daraja la tatu, florini 8 na kreutzer 56 (fedha za wakati ule), pamoja na florini 3 za gari la maiti. Fukara hasa alizikwa bure. Kaburi la kawaida lisilo na jiwe pale makaburi ya St. Marx ndivyo walivyozikwa watu wengi wa hali ya kati Vienna baada ya kanuni za Kaisari Joseph II. Mwalimu anayeweka alama ya vema hapo anaisaidia filamu kudanganya.

Sasa, inavyotakiwa kufanyika. Chukua onyesho moja tu lisilozidi dakika kumi. Linalofaa kuliko yote ni la usiku wa mwisho, Mozart kitandani anamwimbia Salieri sauti za Confutatis, sehemu ya Requiem (misa ya wafu) yake, Salieri anaandika. Lionyeshe mara mbili: mara ya kwanza kalamu chini, mara ya pili wanafunzi waandike madai. Na dai liwe sentensi inayoweza kukanushwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, wanaandika "Mozart alikuwa na huzuni." Utaipima kwa nini? Iandikwe hivi: "Salieri aliandika Confutatis kwa kutajiwa na Mozart." "Constanze, mke wa Mozart, hakuwepo nyumbani, alirudi alfajiri." "Aliyeagiza Requiem kwa siri ni Salieri."

Baada ya hapo ushahidi, na ushahidi upo! Hati ya mkono ya Requiem iko Maktaba ya Taifa ya Austria. Kwenye Confutatis, sauti nne za waimbaji na besi ni mwandiko wa Mozart mwenyewe. Sehemu za ala zilijazwa baadaye na mtunzi Eybler, kisha mtunzi mwingine, Süssmayr, akaikamilisha kazi. Lacrimosa, sehemu inayofuata, kwa mkono wa Mozart inakatika baada ya bari ya 8. Mwandiko wa Salieri haumo. Dai la kwanza limeanguka kwa karatasi, si kwa sababu "mwalimu kasema".

La pili linapimwa kwa barua ya Sophie Haibel, dada yake Constanze, anayesimulia kwamba yeye na Constanze walikuwepo Mozart alipokuwa anakata roho. Lakini barua ile ni ya 1825, miaka 34 baadaye. Mwanafunzi aeleze hilo linaipunguzia uzito kiasi gani. La tatu ndilo tamu: mjumbe wa siri alikuwepo kweli, ila alitumwa na Count Franz von Walsegg, aliyefiwa na mkewe Februari 1791. Filamu imeibakiza siri, ikabadilisha mwenye siri. Karatasi yenye "kweli/si kweli" haina hata mahali pa kuandika jibu hilo.

Hatari ya upande wa pili ni mwanafunzi kugeuka na kusema kila kitu ni uongo, hao wawili walikuwa marafiki wakubwa. Mpe barua mbili azilinganishe. Mei 1783 Mozart anamwandikia baba yake akihofu kwamba Da Ponte, mwandishi wa maandiko ya opera, akishirikiana na Salieri, yeye hatapata maandiko ya opera. Tarehe 14 Oktoba 1791 anamwandikia Constanze kwamba alimpeleka Salieri kuona opera yake Die Zauberflöte, naye akawa anashangilia kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni watu wa kazi moja, waliogombea nafasi kisha wakaheshimiana. Barua hizo zinasomwa bure kwenye tovuti ya Mozarteum, taasisi ya Mozart ya Salzburg, kwa hiyo kisingizio cha kukosa vitabu hakipo.

Vipo pia vyanzo vya katikati, yaani visa vilivyoandikwa miaka mingi baada ya tukio, na hivi mnavipita kabisa. Kile kisa cha Kaisari kulalamika kwamba nota ni nyingi mno kimo kwenye wasifu wa Mozart ulioandikwa na Niemetschek mwaka 1798, miaka 16 baada ya opera yenyewe, Die Entführung aus dem Serail. Kisa cha dansi iliyozuiwa kwenye opera ya Figaro kinatoka kwa Da Ponte, aliyeandika kumbukumbu zake uzeeni, na alikuwa na sababu zote za kujikweza. Shaffer hakuvibuni. Lakini "kimeandikwa zamani" na "kilitokea" ni mambo mawili.

Na muziki wenyewe nani anaupima? Ile machi ya Salieri ambayo Mozart anaigeuza papo hapo ikawa Non più andrai ilitungwa kwa ajili ya filamu. Aria ni ya Figaro, 1786. Eti hakuwahi kusahihisha nota? Rasimu zake zipo, na katika tabaruku ya kwateti alizomtolea Haydn mwaka 1785 anasema mwenyewe kwamba zilimgharimu kazi ndefu na ngumu.

Wenye kupenda Beethoven wanaweza kufanya hivyo hivyo. Filamu ya Immortal Beloved ya 1994 inasema barua ya mapenzi ya Beethoven ya 1812 aliandikiwa Johanna, mke wa mdogo wake. Wekeni kando yake kesi ya Beethoven na Johanna ya kumgombea Karl, mtoto wa Johanna, iliyoendelea hadi 1820. Katika Copying Beethoven, Anna Holtz ni mtu wa kubuni, na aliyeongoza Simfoni ya Tisa tarehe 7 Mei 1824 ni Michael Umlauf, Beethoven akiwa kando yake.

Usahihishaji uwe wa alama 20: 4 kwa dai lililoandikwa sawasawa, 6 kwa ushahidi, 6 kwa kupima uzito wa ushahidi huo, 4 kwa kueleza kwa nini filamu ilibadilisha. Mfano wa hizo 4: Salieri wa kweli alioa mwaka 1775 na kupata watoto wanane, wa filamu amemwekea Mungu nadhiri ya useja. Mwanafunzi aseme hadithi ingeharibika wapi angebaki na mke na watoto. Yote haya ni vipindi viwili vya dakika 40, nusu ya muda mnaoutumia kuonyesha filamu nzima.