Mimea niliyokandamiza inageuka kahawia, mnakaushaje?

Daftari_la_Porini: Habari zenu wadau. Nakusanya mimea ya porini na kuikandamiza kwenye magazeti, katikati ya mbao mbili zilizokazwa kwa mikanda. Maua ya samawati yanageuka kahawia. Mshubiri nao haukauki, umeanza hata kuchipua humo humo kwenye karatasi. Nifanyeje?

Mzee_wa_Sampuli: Karibu sana. Shida ni unyevu. Gazeti lililokwisha kunyonya maji ukiliacha hapo, mmea unaoza badala ya kukauka. Siku za mwanzo badilisha magazeti kila siku, yaliyolowa uyaanike. Kila baada ya sampuli chache chomeka kipande cha boksi lenye mifereji ili hewa ipite. Mshubiri bado uko hai, ndiyo maana unachipua: pasua jani kwa urefu, kwangua ute wote, ndipo ulikandamize.

Rangi ya ua isikunyime usingizi, ndugu yangu. Sampuli za Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, za karne ya 18, zimehifadhiwa London na wataalamu wanazirejea hadi leo, wala si kwa ajili ya rangi. Kinachoniuma mimi ni kufungua gazeti nikute tawi zuri, maua yamo, matunda yamo, halafu lebo inasema "mti, porini". Mti wa urefu gani? Gome likikatwa linatoa utomvu, na wa rangi gani? Jani likisuguliwa linanukiaje? Mmea ukishakauka hayo huyapati tena. Yaandike ukiwa umesimama mbele yake, rangi ya ua ikiwemo, tena kwa penseli, maana wino ukilowa unachuruzika. Namba ya mmea uliyoandika daftarini iandike na kwenye gazeti, na usiirudie kamwe kwa mmea mwingine.

Nyasi_Ndefu: Naongezea: nyasi zing'oe na mizizi yake. Ikiwa ndefu kuliko karatasi, ikunje kama herufi V au N, usiikate juu ukatupa chini. Kangaga chukua jani lenye vidoa vya spora (chembe za uzazi) upande wa chini, bila hivyo kuitambua ni kazi.

Daftari_la_Porini: Asanteni mno. Na nikikuta mmea uko mmoja peke yake?

Mzee_wa_Sampuli: Huo uache. Piga picha ua kwa mbele na kwa ubavu, jani juu na chini, na umbo la mmea mzima, kisha andika vipimo vya GPS. Hata ikiwa mingi, hakikisha una kibali kabla ya kukata.