Keki ya mama kutimiza miaka 70, watu 40: bati moja kubwa au niigawe?

Neema_Jikoni

Habari zenu wapendwa. Mama yetu anatimiza miaka 70 Jumamosi ya wiki ijayo, na sisi watoto tumegawana kazi. Kaka zangu wamebeba chakula cha mchana, mdogo wangu vinywaji na viti, mimi nimepewa keki, maana mama anaipenda ya kwangu na ya kununua huwa haigusi.

Keki yenyewe ni ile ya kawaida: mayai 4, siagi gramu 200, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 200, vijiko vya chai 2 vya beking pauda, vanila na chumvi kidogo. Naioka kwenye bati la duara la sentimita 20, oveni nyuzi 180, dakika 40 hivi inaiva. Hiyo siihofii.

Siku hiyo lakini tutakuwa watu kama 40. Jirani ameniazima bati la duara la sentimita 30. Kwa kuwa 30 ni mara moja na nusu ya 20, nikizidisha vipimo vyote mara moja na nusu itatosha? Joto nibaki na 180? Na mnaoka siku gani kabla ya shughuli? Ijumaa niko kazini mpaka jioni, sipendi kushika miksa usiku wa kuamkia sherehe. Nina oveni moja ya umeme ya nyumbani, mizani ya jikoni, na trei mbili za mstatili za 23 kwa 33 ambazo huwa nachomea viazi. Nisaidieni, nataka mama ale kitu kizuri siku yake.

BabaPacha

Hongera kwa mama, Mungu amzidishie. Mara moja na nusu itakuwa kidogo, dada, keki itatoka bapa. Mimi kwenye 30 huwa nazidisha mara mbili na robo. Punguza joto liwe 160, na zungushia bati kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa ili pembeni pasikauke mapema. Inakubali.

Shangazi_Mizani

Neema mwanangu, mpe mama shikamoo yangu. BabaPacha amekupa hesabu sahihi, nami nitaeleza inatoka wapi, kwa sababu ukishaielewa hutauliza tena bati lolote linahitaji mayai mangapi.

Bati halipimwi kwa upana peke yake, linapimwa kwa eneo la chini. Chukua nusu ya upana, zidisha kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 3.14. La sentimita 20 lina eneo la 314. La 30 lina 707. Gawanya, unapata 2.25. Ungeweka mara moja na nusu ungepata keki nyembamba iliyokauka. Kwa trei ni rahisi zaidi: 23 mara 33 ni 759, gawanya kwa 314, unapata kama 2.4.

Lengo la hesabu hii yote ni kina. Joto huingia kwenye keki kutoka chini, juu na pembeni, na kina cha mchanganyiko kikiwa kilekile unachokijua, keki inabaki na tabia unayoijua. Watu wengi hujaza bati kubwa mpaka karibu na ukingo kwa kuogopa wageni hawatatosheka, ndipo ukingo unapoungua na katikati bado ni uji. Usivuke nusu ya bati, au zaidi kidogo tu.

Sasa, pamoja na hesabu yake kuwa sahihi, mimi nakushauri umrudishie jirani bati lake. Katikati ya duara la 30 iko sentimita 15 kutoka ukingoni. Kwenye bati lako la 20 ni sentimita 10. Kwenye trei yako ya 23 kwa 33, sehemu iliyo mbali kabisa na ukingo ina sentimita 11 na nusu tu. Unaona? Trei kubwa kuliko bati la jirani, lakini kwa jinsi moto unavyofika katikati imekaribia sana bati lako la kila siku. Siku ya mama si siku ya kujifunza chombo kipya.

Trei moja inatoa vipande 24 vizuri, 4 kwa 6, kila kimoja zaidi ya sentimita 5 kwa 5. Trei mbili ni vipande 48. Halafu oka na ile ya duara ya 20, ipambe kwa nafasi, hiyo ndiyo mama ataikata mbele ya watu na kupigwa nayo picha. Trei zinakatwa jikoni na kuletwa kwenye sahani. Wageni hawasubiri, na wewe huhangaiki kugawa duara kwa watu 40 huku kila mtu anakutazama kisu.

Vipimo vya trei moja: mara 2.4 ya mayai 4 ni 9 na zaidi ya nusu. Chukua mayai 9. Yavunje kwanza uyapime bila maganda. Yai la kawaida lina kama gramu 50, lakini yapo ya 40 na yapo ya 60, na kwenye mayai 9 tofauti hiyo inajikusanya. Yakija gramu 450, weka siagi 450, sukari 450, unga 450. Yakija 420, vyote 420. Hapo ndipo mizani inapokulipa. Kikombe cha unga kikichotwa kwa kushindilia kinaweza kubeba gramu 150, kikijazwa taratibu kwa kijiko ni kama 120. Ukipima vikombe vinne namna hiyo umeshaongeza unga gramu 120 bila kujua, ukamlaumu oveni.

Beking pauda usiizidishe sawasawa na vingine. Hesabu itakuambia vijiko 4 na nusu, wewe weka 4 vilivyosawazishwa. Keki hujishikilia kwenye kuta za bati inapopanda, na kadiri bati linavyopanuka ndivyo katikati inavyokosa pa kujishikiza. Hewa ikizidi inapanda kwa pupa kabla mayai na unga havijakaza, kisha inabonyea. Keki nyingi zilizozama katikati ambazo watu husema ni za mlango wa oveni kufunguliwa, zilizidi beking pauda tu. (Mlango nao usiufungue kabla ya nusu ya muda kupita, sijasema haujalishi.)

Joto la trei: 165 hadi 170. Kama oveni yako ina feni, toa 20. Anza kuangalia dakika ya 35. Kijiti kitoke bila ujiuji, na ukibonyeza katikati kwa kidole pajirudie. Mwenye kipimajoto cha chakula achome katikati, ikisoma 96 hadi 98 imeiva.

Kupiga siagi ndiko naona vijana wanakuharakisha. Siagi iwe laini lakini ya baridi kidogo, nyuzi 18 hadi 20: kidole kinaacha alama ila hakizami. Ikianza kung'aa na kuyeyuka haishiki hewa tena, hata ukiipiga mpaka kesho. Piga na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kwa kiasi hiki kikubwa ni dakika 6 au 7 hivi, si 3. Mayai yawe yametoka kwenye friji mapema. Ukisahau, yaloweke na maganda yake kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10. Yai la baridi linagandisha siagi na mchanganyiko unakatika, unaona chembechembe kama maziwa yaliyoharibika. Ukiona hivyo ongeza kijiko cha unga, endelea. Unga ukishaingia, weka miksa pembeni, malizia na mwiko, acha mara tu weupe wa unga unapopotea.

Oka trei moja kwa wakati mmoja. Oveni ya nyumbani ikipewa trei mbili, ya juu inabadilika rangi na ya chini inabaki nyuma.

BabaPacha

Shangazi shikamoo. Ya trei nimeikubali, ila duara kubwa lina heshima yake mezani. Mtu akiingia anaona keki ya shughuli. Na kitambaa kile kimeniondolea kabisa ule mgongo na mpasuko wa juu.

Shangazi_Mizani

Marahaba mwanangu. Kitambaa nakiunga mkono moja kwa moja. Maji yakiwa yanakauka kwenye kitambaa, kuta za bati hazipandi sana zaidi ya nyuzi 100, kwa hiyo ukingo haukazi kabla ya katikati na keki inapanda sawasawa. Mpasuko wa juu ni huo: kando zimeshakaza, katikati bado inasukuma, haina pa kutokea ila juu. Bati jeusi linazidisha shida kwa sababu linavuta joto kuliko la rangi ya fedha. Neema, fanya hivyo kwenye ile ya duara utakayoipamba, juu itakuwa tambarare na hutapoteza kitu kwa kukata. Kitambaa kiwe cha pamba tupu, kibichi kweli, na kisiguse nondo za umeme.

Kuhusu heshima ya mezani, pandisha tu. Oka duara mbili za 20, zibandike na krimu katikati, urefu wake utaonekana toka mlangoni.

Zuhra_wa_Mlimani

Naomba kudandia. Mimi naishi sehemu ya juu sana, kama mita 1,500 hivi, nimehamia kutoka pwani. Keki hizi za uzani sawa zinapanda vizuri halafu zinalegea na kukauka. Vipimo ni vilevile. Kuna la kufanya?

Shangazi_Mizani

Lipo, Zuhra. Ulipo, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, na hewa haikandamizi keki sana kama ya pwani. Mapovu yanapanuka haraka, unyevu unatoka haraka. Kwa kila gramu 200 za unga punguza beking pauda kwa robo, punguza sukari kijiko kikubwa kimoja, ongeza maziwa vijiko vikubwa viwili, na joto lipandishe nyuzi 5 hadi 10 ili keki ikaze kabla haijapanda kupita kiasi. Anza na beking pauda peke yake uone. Mara nyingi hiyo tu inatosha.

Neema, hii si yako. Kama keki yako ya 20 inatoka vizuri hapo unapoishi, vipimo vyako vimeshazoea kimo chako.

Neema_Jikoni

Asante sana shangazi, asante BabaPacha. Mama nimemfikishia shikamoo, amefurahi. Nimeamua trei mbili na duara mbili za kubandika. Swali la siku bado: nikioka Jumatano na Alhamisi jioni, niweke kwenye friji mpaka Jumamosi? Na krimu ya siagi kiasi gani?

Shangazi_Mizani

Friji hapana. Baridi ya friji ndiyo inayoichakaza keki kwa haraka, wanga unajikaza upya na keki inakuwa ngumu kama ya juzi ingawa haijakauka. Tumia friza. Acha keki ipoe kabisa, hata katikati, kisha izungushie nailoni ya chakula mara mbili na karatasi ya foili juu. Itakaa humo hata wiki mbili bila kubadilika ladha. Ijumaa ukirudi kazini itoe, usiifungue, iache mezani usiku kucha ndani ya nailoni yake. Umande utatulia juu ya nailoni badala ya juu ya keki. Kama trei haziingii kwenye friza, kata keki katikati, utaunganisha na krimu na hakuna atakayejua.

Krimu: siagi sehemu 1, sukari ya aisingi sehemu 2. Kwa juu ya trei moja, siagi gramu 200 na sukari 400 zinatosha. Kwa duara mbili za kubandika, pamoja na katikati na pembeni, tenga siagi 300 na sukari 600. Chunga sukari kwanza, weka chumvi kidogo na maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai, itapunguza ule utamu mzito ambao wazee wengi hawaupendi. Paka Jumamosi asubuhi. Krimu hii ya siagi inavumilia meza ya kivulini mchana, mradi joto lisiwe kali. Ukibadili mawazo ukataka krimu ya maziwa ya kupigwa, hiyo isikae nje zaidi ya saa mbili, na ukiwa na mazungumzo marefu kabla ya kukata usiiguse.

Kisu cha kukatia kichovye maji ya moto, kifute, kata. Rudia kila mstari. Vipande vitatoka safi.

Neema_Jikoni

Nimeandika yote. Jumatano jioni naanza na trei ya kwanza, nitaleta picha hapa kabla sijaoka ya pili.

Shangazi_Mizani

Lete picha ya kipande kilichokatwa, mwanangu, si ya juu tu. Nataka kuona ndani katikati.