Naomba ushauri: kupima majani ya mululuza

Ndugu wanajamvi, ninachunguza hapa Mbarara, Uganda, majani ya mululuza, yale machungu ambayo wazee wetu huyachemsha kutibu homa. Kipimo cha DPPH, kemikali ya kupimia uwezo wa kuzuia oksidisho, ambacho rangi yake ya zambarau hugeuka manjano, kimenipa matokeo mazuri kwenye mwanga wa nanomita 517, hata baada ya kuondoa katika hesabu ukijani wa majani yenyewe, jambo ambalo wengi husahau.

Kinachonitia wasiwasi ni kimeng'enya cha alfa-glukosidesi, kinachovunja wanga kuwa sukari utumboni: majani haya yanakizuia kwa nguvu kupita hata akabozi, dawa ya kisukari, nami nahofia kuwa ni tanini, kemikali za mimea zinazonasa protini yoyote, wala si uwezo halisi wa kupunguza sukari. Wagonjwa wanayategemea majani haya, kwa hiyo sitaki kuwapotosha. Je, niondoe tanini kwanza, au nijaribu kimeng'enya kingine kisichohusiana na sukari?