Walimu wa English acheni kukaririsha watoto "run" ni kukimbia basi, mnawaumiza!!

Wadau leo nina hasira kwelikweli. Mdogo wangu yupo form two shule moja hapa Mtwara, jana nimeshika daftari lake nikakuta wamepewa listi ya maneno wakariri, neno moja maana moja, run = kukimbia, imeisha hiyo. Chini yake kuna zoezi, "the Ruvuma runs along the border", dogo kaandika mto Ruvuma unapita mpakani, kapigwa mkasi! Juu yake kwa kalamu nyekundu imeandikwa "unakimbia". Jamani mto unakimbia kwenda wapi?? Mtoto kaelewa vizuri kabisa, katumia akili yake, halafu anaambiwa kakosa, unafikiri kesho atathubutu tena kufikiri?

Hilo neno Waingereza wenyewe linawahenyesha. Kwenye kamusi yao kubwa ya Oxford ya mwaka 1989 lililoongoza lilikuwa set, maana kama 430, baadae walivyokuja kuipitia run upya wakakuta kama kitenzi tu ina maana 645. 645 jamani! Pua ikitoka kamasi ni run, bomba likimwaga maji ni run, injini ikiwa inafanya kazi ni run, mtu akiendesha kiwanda cha korosho ni run, kitenge kikichuja rangi ni run, hela zikikuishia ni run out. Mmarekani akigombea uchaguzi anasema run, Muingereza jambo hilo hilo anasema stand, sasa aliyekaririshwa kukimbia na kusimama ataelewa nini hapo?

Na hili sisi tunalijua, si tuna piga? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga hodi, nani alikaririshwa listi? Tulizisikia kwenye maneno ya watu tangu wadogo. Basi na hawa wapeni sentensi, nyingi, wasome hadithi hata fupi, manake shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili halafu form one ghafla karibu kila somo English, kwenye fizikia run ya mashine, kwenye biashara run ya duka, na mtihani wa taifa wa form two ndo huo unakuja.

Walimu wa English mliomo humu, kama kuna sababu ya kufundisha hivi niambieni hapa hapa, Jumatatu asubuhi naenda shuleni na hilo daftari.