Wolf Biermann alikuwa mkomunisti, sasa kwa nini wakomunisti wenzake walimfukuza nchi?

Mpiga_Gitaa_Tanga:
Wakuu habari za jioni. Mimi napenda sana kusaka waimbaji wa zamani wale wa gitaa moja na maneno basi, hakuna bendi hakuna mbwembwe. Juzi nimekutana na albamu ya mjerumani anaitwa Wolf Biermann, inaitwa Chausseestraße 131. Kijerumani sijui hata cha kuombea maji ila kilichonishika ni kwamba nyuma ya sauti yake unasikia kelele za barabarani kabisa, nikawa najiuliza ilikuwaje studio ikaacha vile.

Nikaanza kusoma habari zake ndo nikachanganyikiwa. Jamaa kazaliwa Hamburg 1936, upande wa Magharibi huko, halafu 1953 akiwa na miaka 16 akahamia Ujerumani Mashariki, ile ya wakomunisti, kwa hiari yake wakati wengine wanakimbia kutoka hukohuko. Halafu 1976 serikali ileile aliyoifuata ikamvua uraia. Mtu mwenyewe aliwaamini, alikosa nini hasa? Mwenye kujua anisaidie.

BintiWaSpree:
Ndugu yangu umegusa penyewe. Mimi naishi Berlin mwaka wa tisa huu na hiyo Chausseestraße nimeipita mara nyingi tu.

Kwanza hizo kelele. Ile siyo studio, ni chumbani kwake, na jina la albamu ndo anwani ya nyumba yake. Desemba 1965 chama tawala kilifanya mkutano mkubwa wa kamati kuu na mmoja wa waliosemwa vibaya pale alikuwa yeye, akapigwa marufuku kuimba hadharani, hakuna kuchapishwa, hakuna redio. Mwaka uleule kitabu chake cha mashairi kilikuwa kimetoka Berlin Magharibi, hilo nalo likawaudhi. Basi akabaki kuimba sebuleni kwa marafiki, maikrofoni ikaletwa kwa magendo kutoka Magharibi, akarekodi hapohapo nyumbani, na kwa vile kelele za mtaani hazizuiliki akaziacha ziingie. Kwangu mimi ndo uzuri wa albamu nzima, unasikia Berlin Mashariki yenyewe inapita dirishani.

Sasa swali lako la kwa nini alihama. Baba yake Dagobert alikuwa mfanyakazi wa bandarini, myahudi na mkomunisti, Wanazi wakamfunga na mwisho wakamuua kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz 1943. Miezi michache baadae Hamburg ikapigwa mabomu mpaka mji ukawaka moto, mama yake akamwokoa kwa kuogelea naye kwenye mfereji. Kwa hiyo kwa huyu mtoto ukomunisti haukuwa mambo ya vitabuni, ulikuwa ni urithi wa marehemu baba, na Mashariki ndiko walikosema wanajenga kile alichokifia.

Na hapo ndo jibu lako lilipo kwa maoni yangu. Adui akikutukana unasema huyu si adui tu. Lakini mtoto wa shahidi wenu akisimama ndani ya nyumba yenu akauliza kwa gitaa mbona mnayoyafanya siyo mliyoahidi, utamjibu nini?

MzeeKilimani:
Vijana mmenirudisha mbali. Mimi nilisoma Dresden mwishoni mwa miaka ya 70. Ieleweke kwamba Dresden iko bondeni na televisheni ya Magharibi haikuwa inashika kule, wenzetu wa Berlin walikuwa wanaangalia kila kitu sisi tunategemea redio na kaseti. Mwenzangu wa chumba mjerumani alikuwa nayo kaseti ya Biermann, imenakiliwa toka kwenye nyingine iliyonakiliwa toka kwenye nyingine mpaka sauti imekuwa kama mtu anaimba ndani ya mtungi, na alikuwa ananisikilizisha usiku kwa sauti ya chini kabisa kwa sababu ukikutwa nayo ungeweza kuharibu masomo yako.

Kisa cha kufukuzwa kilikuwa hivi. Novemba 1976 wakampa ruhusa ya kwenda kuimba Magharibi, mwaliko wa chama cha wafanyakazi IG Metall. Tarehe 13 akapanda jukwaani Köln mbele ya watu kama 7,000, akaimba na kuongea zaidi ya masaa manne. Aliikosoa serikali ya kwao ndiyo, lakini aliitetea pia mbele ya wale wa Magharibi, hilo watu wanalisahau. Tarehe 16 tangazo likatoka, huna uraia, hurudi tena.

Kilichouma watu ni kwamba kumvua mtu uraia ndivyo Wanazi walivyowafanyia wapinzani wao. Stefan Heym, mwandishi mkubwa kule, mwenyewe alikimbia Wanazi. Yeye na Christa Wolf na Heiner Müller na wengine wakaandika barua kuiomba serikali ifikirie upya, gazeti la chama likaikataa ikatoka kupitia Magharibi, na wasanii zaidi ya 100 wakaongeza majina. Wengi waliosaini wakafinywa kazini mpaka wakaondoka, mwigizaji Manfred Krug alihama 1977. Nina Hagen yule mwimbaji wa panki alikuwa binti wa Eva-Maria Hagen, mwanamke aliyeishi na Biermann miaka kadhaa, Nina naye akaondoka. Rafiki yake Biermann, Robert Havemann, ambaye alifungwa gereza moja na Honecker wakati wa Wanazi, akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Na Honecker huyohuyo ndiye alikuwa anaongoza nchi.

Msema_Wazi:
Mnamsifia sana lakini semeni na hili, huyu baadae aliunga mkono vita ya Ghuba 1991 na wenzake wa kushoto wengi walivunjika moyo. Mimi pia naona alikosea.

BintiWaSpree:
Msema_Wazi ni kweli na hata mimi hapo simfuati, lakini sikumbuki wakati wowote aliosema jambo ili apendwe. 2014 walimwita bungeni Berlin kukumbuka miaka 25 ya kuanguka kwa ukuta wa Berlin, kazi yake aimbe tu, yeye akaanza kuwasema wabunge wa chama cha mrengo wa kushoto, kile kilichotokana na chama tawala cha Mashariki, uso kwa uso, spika akamkumbusha kwamba kaalikwa kuimba. Ndo akaimba Ermutigung, wimbo alioutunga kumtia moyo mshairi Peter Huchel aliyekuwa ametengwa.

Mpiga_Gitaa_Tanga:
Asanteni sana jamani, Mzee shikamoo na asante zaidi. Swali la mwisho, aliwahi kurudi kuimba kule?

MzeeKilimani:
Marahaba. Ndiyo, Leipzig, tarehe 1 Desemba 1989, hata mwezi haujaisha toka ukuta ufunguliwe. Mimi nilisharudi nyumbani zamani. Yule mwenzangu wa chumba aliniandikia barua kwamba alikuwepo, na kwamba kwa mara ya kwanza alisikia maneno ambayo kwenye kaseti yetu yalikuwa yamefutika.