Kivu tunauliza habari za ofisi, tunajibiwa Doha na Washington

Wakuu, nimelibeba hili moyoni muda mrefu, leo naliweka hapa.

Mimi ni mtu wa Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC). Komini yangu, yaani sehemu ya mji, ni Karisimbi. Dar es Salaam huu ni mwaka wangu wa sita. Nyumbani kwetu, serikali ikienda bungeni Kinshasa kujibu maswali ya amani ya mashariki, watu wanakusanyika kwenye redio kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Wanasikiliza mpaka mwisho. Halafu anapiga simu shemeji yangu na swali lilelile: "Shemeji, wamesema lolote kuhusu sisi?" Mimi nakosa la kumjibu.

Nieleze kinachoniudhi. Mbunge (sisi tunamwita depite) anasimama pale Palais du Peuple, jengo la bunge, na kuuliza mambo mawili kwa pamoja: vita vitaisha lini, na utawala wa serikali utarudi lini, yaani mahakama, benki, ofisi za vizazi na vifo, mishahara. Serikali inalidaka lile la kwanza na kulizungumza saa nzima. La pili linapewa sentensi moja ya "mamlaka ya dola yatarejeshwa". Yatarejeshwa lini, na nani, kuanzia ofisi ipi? Kimya. Na depite mwenyewe anashukuru kwa majibu na kukaa.

Hizo safari za amani nazijua kwa tarehe, maana kila moja tuliiombea. Nairobi ya Uhuru Kenyatta. Luanda ya João Lourenço, ambako marais wa Kongo na Rwanda walitakiwa kukutana tarehe 15 Desemba 2024 na mkutano ukafutwa. Wiki sita baadaye Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Februari 2025 viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC walikutana hapahapa Dar, na mimi nilikuwa barabarani nikiona misafara yao ikipita nikajisemea labda safari hii. Kisha Doha, serikali na M23. Tamko la tarehe 19 Julai 2025 lilisema mkataba wa mwisho uwe tayari ifikapo 18 Agosti. Siku hiyo ikapita. Novemba 15 wakasaini mfumo wenye itifaki nane, na mojawapo inahusu hilihili la kurejesha mamlaka ya dola. Desemba 4 marais wa Kongo na Rwanda wakasaini Washington. Haikuisha wiki, M23 wakaingia Uvira, mji ambao serikali ya jimbo la Kivu Kusini ilikuwa imehamishia ofisi zake baada ya Bukavu kuanguka mwezi Februari. Baadaye wakatangaza kuondoka. Hebu fikiria mwananchi wa Bukavu aliyeambiwa faili lake liko Uvira.

Sipingi mazungumzo. Asiyetaka amani Kivu hajawahi kulala chini ya kitanda na watoto. Ninachokataa ni mazungumzo kugeuzwa jibu la kila swali.

Sasa nieleze ya nyumbani, maana bila hayo mtadhani napiga siasa.

Kaka yangu alifariki Goma katika vita vya mwisho wa Januari 2025. Bomu liliangukia uani. Alimwacha mke mjamzito, mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto akazaliwa Aprili. Sheria yetu ya familia inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, na ni bure. Ukichelewa unakwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kufidia, yaani hukumu ya kuruhusu aandikishwe baada ya muda kupita. Anayeandikisha vizazi na vifo mjini ni mkuu wa komini. Aliyekuwa kwenye kiti Aprili 2025 aliwekwa na M23. Shemeji afanye nini? Alikwenda, akaandikisha, akapewa karatasi yenye muhuri. Ndugu yetu mmoja akaipeleka katika ofisi moja Kinshasa pamoja na karatasi ya kifo cha kaka, ili mjane aanze kufuatilia haki zake. Akaambiwa muhuri ule hautambuliki. Akauliza, basi muhuri unaotambulika uko wapi? Akaambiwa Beni, ndiko yalikohamia makao ya jimbo.

Beni! Kutoka Goma ni kama kilomita 350 na katikati kuna mstari wa vita. Mjane mwenye kichanga mgongoni avuke Rutshuru, Kanyabayonga na Lubero, apite vizuizi vya pande zote mbili, kwenda kuthibitisha kwamba mumewe amekufa.

Waziri Mkuu Judith Suminwa alisema mbele ya Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva, tarehe 24 Februari 2025, kwamba zaidi ya watu 7,000 wameuawa tangu Januari. Idadi hiyo naiheshimu, kaka yangu yumo. Kama amehesabiwa Geneva, kwa nini kwenye dirisha la ofisi ya nchi yake hajafa?

Na mshahara. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi Kongo ni bure, wazazi waliacha kumchangia mwalimu, na mimi niliuunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote kwa sababu mama yangu aliuza kitenge chake kunilipia mimi. Maana yake ni kwamba mwalimu sasa anategemea serikali peke yake. Serikali inalipa kwa benki. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025. M23 wakaifungua CADECO, benki ya akiba ya serikali, mwezi Aprili kwa mamlaka yao, lakini pesa ya mwalimu haikuwa humo. Kwa hiyo shemeji anavuka mpaka wa Petite Barrière, anaingia Gisenyi, anatafuta wakala, anakatwa, anarudi na kilichobaki. Mwajiriwa wa serikali ya Kongo anakwenda Rwanda kuchukua mshahara wa serikali ya Kongo. Kuna depite hata mmoja aliyewahi kumbana waziri kwa hilo mpaka akatoa tarehe?

Kuna watakaokuja hapa kuandika "tatizo ni Rwanda". Baraza la Usalama lenyewe, katika azimio namba 2773 la Februari 2025, lililitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo. Silibishii hata neno moja. Lakini utawala wetu haukuanza kuvunjika Januari 2025.

Mei 2021 Rais Tshisekedi aliweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Gavana akawa jenerali. Mameya na wakuu wa komini wakawa polisi. Bunge la jimbo likasimamishwa. Raia wakaanza kushtakiwa kwenye mahakama za kijeshi, na vijana wa LUCHA, vuguvugu la kiraia, kule Beni wakafungwa kwa kuupinga utaratibu huo. Katiba, ibara ya 144, inasema hali hiyo ni ya siku 30, na baada ya hapo bunge linaweza kuirefusha siku 15 kwa siku 15. Piga hesabu mwenyewe: miaka minne ni karibu mara mia. Kwa hiyo bunge lilikuwa na nafasi karibu mia moja za kusema "hapana, tuonyesheni kwanza mmefanya nini". Agosti 2023 serikali ikaita mkutano wa meza ya duara Kinshasa, wajumbe wengi wakataka utawala ule uondolewe. Tarehe 30 mwezi huohuo askari wakaua makumi ya raia Goma waliokuwa wanajiandaa kuandamana. Oktoba Rais akatangaza kulegeza hatua kwa hatua. Na huo utawala uliowekwa ili kuleta amani ndio uliokuwa madarakani wakati Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, inaanguka Juni 2022, na wakati Goma yenyewe inaanguka.

Hapa ndipo nawalaumu wabunge kuliko hata mawaziri. Ibara ya 138 inawapa maswali ya mdomo na ya maandishi, swali la papo kwa hapo, kumwita waziri kujieleza, tume ya uchunguzi. Maswali ya mdomo hayafuatiwi na kura, ndiyo maana mawaziri wanayapenda: unakuja, unasoma karatasi, unapigiwa makofi, unaondoka. Lakini moja ya kumi ya wajumbe wakisaini wanaweza kuleta hoja ya kumwondoa waziri, na robo wanaweza kuleta hoja dhidi ya serikali nzima. Msiniambie saini hazipatikani. Septemba 2025 walipotaka kumwondoa Spika Vital Kamerhe walikusanya zaidi ya 200, naye akajiuzulu kabla ya kura. Wino upo. Kwa mjane wa Karisimbi ndipo unapokauka.

Na wenzetu wa Masisi na Rutshuru ndio kabisa. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika kwao kwa sababu ya vita. Hawana depite wa kumtuma kuuliza. Wengi walikuwa kwenye kambi za Kanyarucinya, Bulengo na Rusayo pembeni mwa Goma. Februari 2025 wakaambiwa na M23 wabomoe vibanda warudi makwao. Hao nani anawasemea kikao kikifunguliwa?

Ninachotaka kiulizwe hakihitaji ndege ya kwenda Doha. Serikali iseme kwa maandishi kama vizazi na vifo vilivyotokea katika miji inayoshikiliwa na M23 vinaweza kuandikishwa kwa ushahidi wa hospitali, wa paroko, wa msikiti au wa Msalaba Mwekundu, bila mama kuvuka mstari wa vita. Waziri wa Fedha aseme mwalimu wa Goma atapokea wapi mshahara wake mpaka benki zifunguke, na makato anayolipa Gisenyi atarudishiwa na nani. Na katika ile itifaki ya mamlaka ya dola, vyeti vilivyotolewa katika kipindi hiki viandikwe humo waziwazi, vikubaliwe au viwekewe njia ya kubadilishwa. Wakiyaacha hayo mpaka mwisho watakuwa na maelfu ya watoto wasio na uraia wa karatasi, na Kivu inajua vizuri swali la "wewe ni raia wa wapi" limetumwagia damu kiasi gani.

Watanzania mliomo humu, nanyi linawahusu. Wanajeshi wenu wawili walifia kule Januari 2025. Wabunge wenu mnaweza kuwauliza Dodoma nchi za Afrika Mashariki na za SADC zinasukuma nini kwenye mazungumzo haya zaidi ya kusitisha mapigano.

Nawaomba walioko Beni, Butembo au Kinshasa: aliyefanikiwa kupata cheti cha kifo kinachotambulika, cha mtu aliyefia Goma au Bukavu baada ya Januari 2025, aandike hapa alianzia ofisi gani, alidaiwa karatasi zipi na alilipa kiasi gani. Kama kuna aliyemwandikisha mtoto kwa njia ya wakili bila kusafiri, naye aeleze. Nitamsomea shemeji majibu yenu kesho jioni.